Kabla hujauza kopo la sarafu Port Bell: vitabu vya kukuambia umeshika nini

Na Mwandishi Wetu wa Biashara

LUZIRA, Kampala – Bandari ya Port Bell, iliyopewa jina la Gavana Hesketh Bell, imezoea mizigo mikubwa: mabehewa, mafuta, saruji, nafaka. Lakini katika biashara ya ziwani kuna pia mizigo midogo isiyoandikwa kwenye hati yoyote. Mmoja wapo ni kopo la sarafu kuukuu lililoachwa na mzee wa ukoo, likapita Mwanza au Kisumu, na sasa linatafuta mnunuzi Kampala.

Anayelinunua mara nyingi ni mfanyabiashara wa chuma chakavu. Hupima kwa kilo, hulipa bei ya shaba, na mambo yamekwisha. Wakati mwingine mnunuzi ni mtu anayejua anachokitafuta. Huyo huchagua vipande vitatu au vinne, hulipa zaidi kidogo, na muuzaji humshukuru kwa ukarimu wake.

Tofauti kati ya watu hao wawili ni kitabu. Makala haya yanaeleza ni vitabu gani vinavyomfaa mtu anayekusanya, anayenunua au anayerithi sarafu za Afrika Mashariki, kila kimoja kinajibu swali gani, na wapi pa kukisoma bila kuuza ng'ombe.

Kwa nini kitabu ni suala la biashara

Mwaka 1970 mwanauchumi wa Marekani, George Akerlof, aliandika makala maarufu kuhusu soko la magari yaliyotumika. Hoja yake ni nyepesi: upande mmoja ukijua ubora wa bidhaa na upande mwingine usijue, soko lote huharibika. Mnunuzi asiyeweza kutofautisha kizuri na kibovu hulipa bei ya kibovu kwa vyote, na mwenye kizuri huamua kubaki nacho nyumbani.

Soko letu la sarafu ni la namna hiyo hiyo, ila hapa mara nyingi asiyejua ni muuzaji. Hebu tuchukue mfano wa hesabu. Mtu ana shilingi 60 za zamani za Afrika Mashariki, zile zenye simba na milima. Zote zinafanana, na kila moja ina uzito wa takriban gramu 7.8. Kwa pamoja ni karibu nusu kilo.

Katika hizo, 20 ni za mwaka 1924 na 40 ni za mwaka 1950. Za 1924 zina robo ya madini ya fedha, yaani gramu 1.94 kila moja. Za 1950 ni shaba na nikeli tu. Anayeuza zote kwa bei ya shaba ametoa bure karibu gramu 39 za fedha. Ni kweli kwamba sonara hatalipa bei kamili kwa fedha iliyochanganywa hivyo, kwa sababu kuitenganisha ni gharama. Lakini kulipwa pungufu si sawa na kutolipwa kabisa.

Muuzaji hakuhitaji maabara ili kujua hilo. Alihitaji mstari mmoja katika katalogi: shilingi za 1921 hadi 1946 zina fedha, za 1948 hadi 1952 hazina.

Swali la kwanza: hii ni nini?

Kwa swali hili, kitabu kinachojulikana zaidi duniani ni Standard Catalog of World Coins cha Chester Krause na Clifford Mishler, kilichoanza kutolewa Marekani mwaka 1972. Wafanyabiashara wa sarafu hukiita "Krause" tu. Kila aina ya sarafu imepewa namba inayoanza na herufi KM, na namba hiyo imekuwa lugha ya pamoja ya soko. Mtu wa Luzira akimwandikia mtu wa London "East Africa KM 31", hakuna haja ya kueleza simba wala milima.

Kuna mambo matatu ambayo mgeni wa Krause lazima ayajue.

Jambo la kwanza, namba huanza upya kwa kila nchi au eneo. KM 31 bila jina la eneo haina maana.

Jambo la pili, kitabu kimegawanywa kwa karne. Rupia ya Mombasa ya mwaka 1888 imo katika juzuu ya 1801 hadi 1900, na senti ya 1907 imo katika juzuu ya 1901 hadi 2000. Anayenunua juzuu moja akidhani amepata yote atashangaa.

Jambo la tatu, na hili ndilo linalowapoteza wengi hapa Uganda, sarafu za ukoloni hazipo chini ya jina la Uganda. Ukifungua sehemu ya Uganda utakuta sarafu kuanzia 1966, mwaka ambao Benki Kuu ya Uganda ilianzishwa na kutoa sarafu zake za kwanza zenye korongo wa taifa. Za kabla ya hapo tafuta chini ya East Africa. Zile za Kampuni ya Imperial British East Africa tafuta chini ya Mombasa. Za Wajerumani zipo chini ya German East Africa, na za Sultani chini ya Zanzibar.

Kabla ya Krause kulikuwa na katalogi ya R. S. Yeoman, A Catalog of Modern World Coins, iliyotoka kwanza mwaka 1957. Namba zake huanza na herufi Y na bado zinaonekana katika vitabu na minada ya zamani. Kwa sarafu za Wajerumani, wakusanyaji makini hutumia kitabu cha Kurt Jaeger kuhusu sarafu za Ujerumani tangu 1871, ambacho kinahusisha pia makoloni. Kimeandikwa kwa Kijerumani, lakini tarehe, uzito na alama za viwanda husomeka na mtu yeyote mwenye subira.

Historia fupi ya kukusaidia kufungua ukurasa sahihi

Katalogi haisaidii kama hujui uanzie wapi. Kwa ufupi, kopo la kawaida la ziwani linaweza kuwa na tabaka zifuatazo.

Tabaka la kwanza ni rupia. Rupia ya Mombasa ya 1888 na rupia ya Wajerumani iliyoanza 1890 zilifuata kipimo cha rupia ya India: gramu 11.66, na fedha asilimia 91.7. Ndani ya kila moja kuna karibu gramu 10.7 za fedha halisi.

Tabaka la pili ni sarafu zenye maandishi "East Africa & Uganda Protectorates", za kati ya 1906 na 1919. Senti 50 na senti 25 za wakati huo zina fedha asilimia 80. Senti 1 ya 1907 na 1908 na nusu senti ya 1908 zilikuwa za alumini. Hazikuvumilia hali ya hewa yetu, na kuanzia 1909 alumini ikabadilishwa kwa shaba na nikeli. Kwa sababu hiyo kipande cha alumini kilichobaki safi ni cha kukitazama mara mbili kabla ya kukitupa.

Tabaka la tatu ni florin. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliundwa Desemba 1919, na mwaka 1920 rupia ikabadilishwa kuwa florin. Mpango huo haukudumu. Muda si mrefu florin moja ikawa shilingi mbili, na shilingi ndiyo iliyobaki hadi leo. Sarafu za florin zilitumika kipindi kifupi mno, na ndiyo maana zinatafutwa. Florin ya 1920 ina nusu yake fedha.

Tabaka la nne ni shilingi na senti za Bodi, kuanzia 1921 hadi miaka ya 1960. Bodi ilihudumia Kenya, Uganda na Tanganyika, Zanzibar ikajiunga 1936, na baadaye sarafu zake zikafika hadi Aden. Kwa hiyo kopo lililotoka Kisumu, lililotoka Mwanza na lililotoka Jinja yanaweza kuwa na vitu vile vile kabisa. Soko lilikuwa moja kabla ya kuwapo neno "jumuiya".

Tabaka la tano ni sarafu za Kenya, Uganda na Tanzania zilizoanza 1966. Hapa wengi hudharau, na wanakosea. Sarafu ya shilingi 5 ya Uganda ya mwaka 1972, yenye pande saba, iliondolewa na karibu yote ikayeyushwa. Kipande kilichosalimika si chenji ya watoto kuchezea.

Lugha yetu yenyewe inashika mkono wa mkusanyaji. Neno "hela" limetokana na heller ya Wajerumani, na "pesa" lina undugu na paisa ya India. Kwa Luganda "ensimbi" ni fedha, na ndiyo hiyo hiyo kauri, simbi la baharini lililotumika kununua na kulipia kabla ya rupia.

Swali la pili: zilitengenezwa ngapi?

Umri wa sarafu si uadimu wake. Huu ndio mtego mkubwa kuliko yote, na mfano mzuri ni senti 5 na senti 10 za mwaka 1936 zenye jina la Mfalme Edward wa Nane.

Mfalme huyu alitawala Uingereza kwa miezi kumi na moja hivi, akajiuzulu Desemba 1936. Kule kwao hawakutoa sarafu za matumizi zenye sura yake. Sarafu zetu zenye tundu hazikuwa na sura ya mfalme, zilikuwa na jina tu, kwa hiyo zilitengenezwa na kutolewa. Muuzaji anayesikia hadithi hiyo hupandisha bei mara moja. Lakini ukifungua katalogi utaona kwamba zilifuliwa kwa wingi, katika viwanda zaidi ya kimoja: zenye H zilitoka kwa Heaton wa Birmingham, na zenye KN zilitoka King's Norton. Ni sarafu yenye historia nzuri na bei ndogo.

Upande wa pili kuna sarafu ya dhahabu ya rupia 15 ya mwaka 1916, yenye tembo mbele ya mlima. Wajerumani waliitengeneza Tabora wakati wa Vita Kuu ya Kwanza walipozingirwa na kukosa sarafu kutoka kwao. Zilitengenezwa 16,198 tu. Tabora hiyo hiyo ilitoa pia heller 5 na heller 20 za mwaka huo, na hizi ndizo mtu wa kawaida anaweza kukutana nazo.

Anayetaka kuhakikisha idadi badala ya kuiamini katalogi arudi kwenye chanzo. Taarifa za mwaka za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki zinaeleza kilichoagizwa, kilichotolewa na kilichorudishwa. Sarafu nyingi zilitengenezwa kisha zikarudi na kuyeyushwa, na idadi ya kutengenezwa peke yake haisemi zimebaki ngapi.

Swali la tatu: bei yake ni ngapi?

Hapa msomaji awe mwangalifu kuliko kwingine kote. Bei iliyochapishwa katika Krause ni makadirio ya bei ambayo mfanyabiashara humuuzia mkusanyaji huko Marekani, kwa dola. Haikuwa kamwe ahadi ya bei atakayokulipa mtu hapa. Mnunuzi lazima atoe nauli, hatari na faida yake.

Aidha, bei hutolewa kwa madaraja ya hali: iliyochakaa, iliyotumika kidogo, isiyotumika kabisa. Sarafu moja inaweza kuwa na bei mara kumi ya nyingine ya mwaka huo huo kwa sababu ya madaraja tu. Wauzaji wetu husoma safu ya mwisho, ile ya sarafu mpya kabisa, wakati walichoshika mkononi kimepita sokoni miaka thelathini.

Na tafadhali, usisugue sarafu kwa mchanga, majivu wala limau ili ing'ae. Mkusanyaji hulipia ngozi ya asili ya sarafu. Kuisafisha ni kuishusha daraja kwa mikono yako mwenyewe.

Kampuni ya F+W, iliyomiliki Krause, iliomba ulinzi wa kufilisika mwaka 2019, hivyo usisubiri toleo jipya kila mwaka kama zamani. Hilo si msiba. Toleo la miaka ishirini iliyopita bado linakuambia kwa usahihi uzito, madini na alama za sarafu ya 1924, kwa sababu sarafu hiyo haijabadilika. Kilichozeeka ni bei tu. Kwa hiyo nunua toleo la zamani kwa bei nafuu kwa ajili ya utambuzi, kisha bei itafute katika matokeo ya minada ya karibuni.

Toleo la zamani litakosa pia sarafu mpya: shilingi 1,000 ya Uganda ya 2012 ya kuadhimisha miaka 50 ya uhuru, shilingi 500 ya Tanzania ya 2014, na sarafu za Kenya za 2018 zilizoondolewa sura za marais kufuatia Katiba ya 2010.

Swali la nne: ni halisi au bandia?

Silaha ya kwanza ni mizani ya sonara pamoja na katalogi. Rupia 15 ya Tabora ina uzito wa gramu 7.168 na dhahabu ya asilimia 75. Ya bandia iliyofuliwa kwa shaba ya njano, kwa ukubwa ule ule, itapungua uzito. Mizani haidanganyi kama inavyodanganya rangi.

Silaha ya pili ni kujua kwamba tarehe inaweza isiwe tarehe. Riale ya Maria Theresa, iliyofanya biashara kutoka Bahari ya Shamu hadi pwani yetu, ina mwaka 1780 daima, hata ikiwa ilifuliwa karne mbili baadaye. Ina uzito wa gramu 28.07 na fedha asilimia 83.3. Kuna vitabu vizima vinavyoeleza tofauti ndogo za manyoya na vito zinazoonyesha kiwanda na kipindi, kikiwamo cha Walter Hafner. Asiyekisoma atauza ya karne ya 20 kama ya 1780, au kinyume chake.

Vitabu vya kusoma, si vya bei tu

Mkusanyaji anayejua bei bila historia ni sawa na dalali. Kwa anayetaka zaidi, kuna maandishi mazuri.

Makala ya Karin Pallaver ya mwaka 2015 katika International Journal of African Historical Studies inaeleza Uganda ilivyohama kutoka kauri hadi sarafu za kikoloni, pamoja na suala la tundu na mtu asiye na mfuko. Wambui Mwangi ameandika kuhusu picha za fedha za Kenya ya ukoloni: simba, mwananchi na mbuni. Kitabu cha Money in Africa cha British Museum, 2009, kinakusanya waandishi mbalimbali. Kuhusu kauri, Jan Hogendorn na Marion Johnson walitoa The Shell Money of the Slave Trade mwaka 1986.

Kwa sarafu za kale za Kilwa, msingi ni makala ya John Walker ya 1936 katika Numismatic Chronicle, na ile ya Freeman-Grenville ya 1960 katika Journal of African History. Anayedhani sarafu zetu hazikusafiri akumbuke kwamba vipande vya Kilwa viliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia.

Wapi pa kusoma

Kutoka Luzira safari si ndefu. Maktaba ya Uganda Society ipo ndani ya Jumba la Makumbusho la Uganda, Kamwokya, na huko ndiko pa kutafuta Uganda Journal, jarida lililoanza 1934. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Makerere ina sehemu ya vitabu vya Afrika.

Kwa mwenye simu, katalogi ya Numista hutazamwa bure na ina picha za pande zote mbili. Newman Numismatic Portal ya Chuo Kikuu cha Washington kilichopo St. Louis ina maelfu ya vitabu na katalogi za minada za kusoma bila malipo. Anza na hizi kabla ya kununua karatasi.

Mpakani

Habari njema kwa anayeagiza: vitabu vilivyochapishwa, kichwa cha ushuru 4901, havitozwi ushuru wa forodha chini ya viwango vya pamoja vya Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Sarafu zenyewe ni jambo jingine. Vitu vya wakusanyaji huorodheshwa katika kichwa 9705, na tangu marekebisho ya 2022 vile vya sarafu vimegawanywa: vyenye umri wa zaidi ya miaka 100, na vingine. Sarafu za kawaida zipo katika 7118. Hapo kitabu kinakuwa hati ya kazi, maana namba ya katalogi na mwaka ndiyo maelezo ambayo wakala wa forodha anaweza kuyaandika.

Zaidi ya ushuru kuna sheria za mambo ya kale. Kwa sheria ya Kenya ya 2006, kitu kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya 1895 ni cha kale na hakitoki nchini bila kibali. Rupia ya Mombasa ya 1888 inaweza kuangukia hapo. Tanzania, kwa sheria ya 1964, mstari ni vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na sarafu za Kilwa zimo ndani bila ubishi. Anayevusha ziwa na vitu hivyo mfukoni bila kibali anahatarisha mali na uhuru wake, na gereza la Luzira halipo mbali na gati.

Kwa kumalizia, mwenye kopo nyumbani afanye mambo manne kabla ya kuliuza. Atenganishe sarafu kwa maandishi na mwaka. Apime uzito wa zile zenye rangi nyeupe. Alinganishe na katalogi, hata ya zamani, hata ya kwenye simu. Kisha aandike orodha, na orodha hiyo ndiyo atakayomwonyesha mnunuzi kwanza. Kopo libaki nyumbani. Mnunuzi wa kweli ataiheshimu. Anayekasirika kwa kuona orodha amekwisha jibu swali lako la bei.